Sini, Swadi na Meno ya Chini

Kwetu kusoma hakuanzi na jicho kwenye msahafu. Kunaanza na jicho kwenye mdomo wa mwalimu. Mtoto anakaa mkekani, magoti yake karibu yaguse ya mwalimu, na kabla hajafunua ukurasa wowote anaambiwa: tazama. Ulimi uko wapi? Midomo imefanyaje? Haya, fanya vivyo hivyo. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenifundisha, katika nyumba za askari pale Jinja, baba alipokuwa jeshini. Naye alifundishwa hivyo na bibi yake. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, na tulivyorithi ni vichache: lugha yetu, ngoma za wanawake, kawa za rangi tunazosuka za kufunikia chakula, na huo usomaji wa kutazamana.

Kiswahili nacho tulikipata kambini. Najua kuna watu Uganda hii wakisikia Kiswahili wanakumbuka bunduki. Poleni. Mimi nikikisikia namkumbuka bibi akinishika mashavu na kuniambia nifungue mdomo, na sitakiacha kwa sababu ya watu waliokuja kukitumia vibaya.

Nimefundisha madrasa Bugembe, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Iganga, tangu mwenyekiti wa sasa wa kamati ya msikiti alipokuwa mtoto wa kutumwa sukari dukani. Alikuwa akiila njiani. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba tulipogombana, nilikuwa nagombana na mtu ninayemjua.

Meno yangu hayakuondoka kwa mpigo. Enzi zetu jino likiuma lilikuwa linang'olewa, basi, hakuna aliyekuwa na neno la pili. Fizi zangu zilikuwa zinatoka damu tangu ujana, na kila miaka ilivyokwenda nilibaki na machache zaidi, yakiegemea huku na huku kama miti ya ua uliokosa mwenyewe. Ya mwisho yaling'olewa Mbale. Binti yangu anaishi huko, Namatala, anauza mitumba, na yeye ndiye aliyenipeleka na kunishikia mkoba. Niliambiwa nitakuwa natafuna kwa shida. Hakuna aliyeniambia habari ya herufi.

Asiyesoma huenda asielewe, kwa hiyo nitaeleza. Thaa inataka ncha ya ulimi iguse makali ya meno ya juu. Faa inataka meno hayohayo ya juu yakae juu ya mdomo wa chini. Lakini sini, zai na swadi zinatafuta meno ya chini: ncha ya ulimi inatulia nyuma yake na pumzi inapita juu, nyembamba na safi. Mtu asiye na meno akizitafuta anatoa upepo tu. Na Bismillahi, ambayo kila kisomo huanza nayo, na kila mlo, na kila mlango ninaoufungua, haiendi mbali kabla haijaikuta sini.

Mwenyekiti alikuja kunitembelea na kilo ya sukari. Alikaa, akasafisha koo.

"Hajati, sasa umechoka. Pumzika. Watoto, sisi tatafuta mtu."

"Nani amekuambia mimi nimechoka?"

"Hapana kuchoka. Lakini hii mambo ya meno..."

"Mimi nafundisha na kichwa ama na meno?"

Aliinamisha macho, kwa adabu. Jibu lenyewe ni kwamba nafundisha kwa vyote viwili. Yeye alijua, mimi nilijua, na hilo ndilo lililonichemsha damu. Nilimpa chai, nikaweka sukari yake nyingi sana humo, na wiki ileile nikarudi Mbale.

Fundi wa meno alikuwa mzee mmoja mpole katika zahanati ndogo karibu na eneo la viwanda. Alinijaza mdomo kwa udongo laini wa waridi wenye harufu ya mnanaa, nikahisi nakufa. "Pumua na pua, mama," akawa anasema. "Na pua. Namna hiyo." Siku nyingine akanipima kwa nta, siku nyingine akaleta vipande vya kuchagulia rangi. Akaniwekea mbele meno meupe kama ya bibi harusi wa kwenye kalenda. Nikamwambia anitafutie ya mtu anayekunywa chai.

Siku aliponivisha nilijitazama kwenye kioo chake nikacheka kwa sauti. Mashavu yamerudi! Uso niliokuwa nimeuzika ulikuwa unanitazama, tena kwa jeuri kidogo. Meno ya juu yalijinyonya kwenye kaakaa yakatulia tuli. Nikasema thaa, ikatoka thaa. Nikasema faa, ikatoka faa. Halafu nikasema Bismillahi, na meno ya chini yakanyanyuka yote kwa pamoja.

Fundi hakushtuka. "Ya chini kila mtu analia nayo. Ya juu iko na paa ya kushika. Ya chini haina. Ulimi nasukuma, mashavu nasukuma, na mfupa ya taya kila mwaka napungua. Utazoea tu."

Nilizoea. Neno hili kuzoea siku hizi silipendi, nitaeleza kwa nini. Mwili wangu ulijitafutia hila yake. Kabla ya sini, kidevu kilikuwa kinarudi ndani, mdomo wa chini unakaza, na shina la ulimi linakandamiza meno pande zote mbili yasipande. Kilisikika kimlio kidogo, tk, halafu herufi inatoka. Sikuwa najiona nikifanya hivyo. Mtu hajioni mdomo wake mwenyewe.

Nisiyatukane meno yale. Yalinirudishia uso. Niliacha kuziba mdomo kwa mtandio nikicheka. Hayakuhitaji kisu wala sindano, na bei yake hata muuza vitunguu anaweza kuikusanya. Jirani yangu hapa Bugembe, fundi wa nguo, ana ya aina hiyohiyo miaka sasa, na karanga za kukaanga anazivunja nazo huku akikusengenya. Taya lake ni nene, limejaa, linayashika. Langu lilikuwa limelika. Yakinichubua, fundi anayakwangua kidogo, napata nafuu, yanachubua pengine. Gundi nilipaka asubuhi, chai ya saa nne ikaiyeyusha. Nikienda kwa binti yangu ananipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya huko mlimani, kwa mchuzi wa karanga, na hayo niliyaweza. Hindi la kuchoma niliishia kulinusa. Chai yenyewe nilijua ni ya moto ikishafika kooni, kwa sababu kaakaa lilikuwa limefunikwa na plastiki.

Yote hayo ningeyavumilia. Nimevumilia makubwa zaidi. Lakini mwaka ule tulialikwa Mbale kwenye mashindano ya kusoma, madrasa nyingi katika ukumbi mmoja wa shule, na mimi nikaenda na watoto wangu nikitembea kifua mbele.

Msomaji wetu bora alikuwa binti wa muuza chapati, msichana mwenye sauti ambayo hata bodaboda walikuwa wanazima pikipiki wakaisikilize. Alipanda jukwaani, akatulia, akaanza Bismillahi. Na kabla ya sini akarudisha kidevu ndani, akakaza mdomo wa chini, akatoa kimlio. Tk.

Nilidhani ni woga. Akaendelea. Kila penye sini, kidevu ndani. Kila penye swadi, tk. Alipomaliza akaja mwenzake, naye vilevile. Wa tatu vilevile. Nyuma yangu watu walianza kucheka chinichini. Mmoja wa masheikh waliokuwa waamuzi aliinama mbele, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hajati, hii kisomo ni ya upande gani? Sisi hapa hatujasikia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimewaambia watazame mdomo wangu wafanye vivyo hivyo, nao walitazama na kufanya. Watoto wangu wote walikuwa na meno yao waliyopewa na Mungu, yamejaa, yameshika, na wote walikuwa wakiyabana yasidondoke.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinitazama. Msichana yule machozi yalikuwa yanamlengalenga, hajui kosa lake. Na kwa kweli hakuwa na kosa. Alikuwa ndiye mwanafunzi mtiifu kuliko wote ukumbini. Kuona mtoto mtiifu anachekwa kulinipandisha hasira ambayo sijawahi kuisikia tangu nimzike mume wangu.

Nikasimama. Nikaenda mpaka kwenye meza ya waamuzi, nikatandaza leso yangu safi, nikainua ncha ya mtandio, nikayatoa meno ya chini nikayaweka pale mbele yao.

"Hawa watoto hawakosi," nikasema. "Walisoma sawasawa kama mwalimu yao. Makosa ni hii. Nimeitoa. Sasa nani anataka kucheka, acheke mimi."

Bila yale meno maneno yangu yalitoka nusu upepo, lakini yalifika mpaka nyuma. Kicheko kilikatika. Sheikh aliyeniuliza alichukua pembe ya leso akayafunika, polepole, mtu anavyofunika chakula cha mgeni. "Chukua, mama yangu," akasema. "Watoto waendelee." Wakaendelea. Hatukushinda kitu. Binti yangu, aliyekuwa ameketi upande wa wanawake, aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi sikutamani ardhi ifanye lolote. Nilitamani meno.

Habari ilifika Bugembe kabla yetu. Mwenyekiti alinisubiri, safari hii bila sukari.

"Hajati, sisi tuko na kijana. Amesoma. Iko na spika, iko na sauti ya wasomaji wakubwa wa dunia yote. Watoto watasikiliza hiyo."

"Spika iko na mdomo?"

"Hajati..."

"Nauliza. Iko na ulimi? Watoto watatazama nini? Waya?"

Alipangusa uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechekewa msikiti wake. Mwishowe akasema nikae mpaka Idi, na baada ya Idi, kama mdomo wangu hautakaa sawa, kijana atachukua darasa. Idi ilikuwa mbali bado, miezi mingi. Nikamwambia sawa. Nikamwambia pia amtayarishe kijana wake kwa hasara.

Daktari niliyemwendea Jinja mjini alikuwa mwanamke kijana, amesomea Kenya, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kinatembea vizuri kuliko cha wengi wetu. Alinipiga picha ya taya, akaitundika kwenye taa, akanionyesha mfupa wangu. Sikuwa nimewahi kujiona fuvu. Sikulipenda, lakini lilikuwa langu.

"Mama, niambie unataka nini," akasema.

"Nataka kusema sini."

Hakucheka. Akavuta kiti. Akanieleza kwamba njia ziko tatu. Ya kwanza, kutengeneza seti nyingine ya kawaida, kwa makini zaidi, ikae vizuri kuliko ile, ingawa kwa taya lililolika hivyo ya chini itabaki kucheza. Ya pili, kupandikiza skrubu mbili mbele ya taya la chini, pale mfupa ulipokuwa bado mzuri, kuziacha miezi kadhaa zishikane na mfupa, kisha meno yaleyale ya kuvaa yabanwe juu yake kama vifungo vya kubana vya kwenye gauni. Unayavua usiku, unayaosha, unayarudisha. Ya tatu, skrubu nyingi, juu na chini, na meno yanayokazwa moja kwa moja usiyavue tena mwenyewe.

"Na ya juu?" nikauliza.

"Ya juu yako yameshika vizuri. Mimi nisingeyagusa."

Nilimpenda hapohapo. Mtu wa kuuza angeyagusa.

Familia ikapata la kusema. Mwanangu wa kiume, anayefanya kazi Ghuba, alitaka ile ya tatu. Alinipigia simu ya video, akasema atachanga, akasema mama yake atakuwa na tabasamu la kuwaziba watu midomo. Nikamwambia watu midomo yao waendelee nayo, mimi naitafuta ya kwangu. Binti yangu yeye hakutaka chochote. "Mama, umri huu, kutobolewa mfupa kwa nini? Si ukae tu, ule uji, ucheze na wajukuu?" Alisema kwa mapenzi, najua. Lakini nilikasirika. Umri huu, umri huu! Mtu akifika umri huu ndio anaambiwa azoee kila kitu: azoee kutosikia, azoee kutoona, azoee meno kutembea mdomoni. Vijana hawaambiwi wazoee. Wao wanaambiwa wakatibiwe.

Nilichagua ile ya pili. Bei yake iliizidi seti yangu nzima ya kwanza kwa mbali, sitaificha, na wengi hawaiwezi, na hilo nalo linaniudhi. Mimi niliuza kiwanja kidogo alichoniachia mume wangu. Alikuwa mtu wa kupenda sauti yangu, sidhani kama kaburini amelalamika.

Mwenyekiti naye akaja na lake. Alikuwa amesikia nitatiwa chuma tayani, akataka kujua kama udhu wangu utakuwa sawa, maji yatapitaje, na kama nikifa itabidi kitolewe. Alimpelekea sheikh wetu swali hilo akitumaini nitazuiwa. Sheikh akamwuliza kama yule fundi seremala aliyetiwa chuma mguuni baada ya ajali ameacha kuswali safu ya kwanza. Swali likaishia hapo.

Kwanza daktari alinipima sukari ya damu, akaridhika. Siku yenyewe taya liliganda kwa sindano, na nikabaki nasikia tu mtetemo, kama mtu anatoboa ukuta wa jirani na jirani mwenyewe ni wewe. Nilisoma moyoni mwanzo hadi mwisho. Haikuuma nilivyodhani. Usiku wake ndipo lilipovimba, nikaonekana nimemeza limau.

Kisha kungoja. Mfupa hauharakishwi na mtu. Kwa muda nilikatazwa kuvaa meno ya chini kabisa, halafu nikaruhusiwa kuyavaa yakiwa yametiwa kitu laini ndani, kwa kula vyakula vya kupondwa tu. Na darasa likawa linaningoja kila alasiri. Ningefanyaje? Nikiwa bila ya chini, mdomo wangu ulikuwa unaonyesha makosa. Nikiyavaa, unaonyesha ile hila. Basi nilichukua kitenge changu kimoja kizito, nikakitundika kwa kamba kati yangu na wao, nikafundisha nikiwa nyuma yake. Wako wanaume waliofurahi sana kuniona nyuma ya pazia. Niliwaambia wasifurahi mno, ni la muda.

Nyuma ya pazia nilikuwa na thaa yangu, na dhali, na faa, na herufi zote za koo. Sini nilijipiga marufuku. Niliwaambia watoto waitafute wenyewe, nyuma ya meno yao ya chini, waliyopewa bure. Na ili kidevu kiache kurudi ndani, niliwafundisha alama: vidole viwili chini ya kidevu. Ukisoma na kidevu kikashuka juu ya vidole, umejibana, anza upya. Msichana wa muuza chapati ndiye aliyepata tabu kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyenitazama kuliko wote. Nilimsikia akianza, akikatisha, akianza tena. Kuna siku alilia. Nikamwambia kutoka upande wangu kwamba hata mimi nalia, na tuendelee. Mwenyekiti alipita siku moja akakuta darasa zima limeshika videvu likisomea kitambaa. Alisimama kidogo mlangoni akaenda zake bila salamu.

Karibu na mwisho wa Ramadhani daktari aliniita. Akazigonga zile skrubu kwa kijiti cha chuma, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akazifungia vichwa vidogo vya mviringo, akatia vikombe vyenye mpira ndani ya meno yangu ya chini, akaniambia nibonyeze mwenyewe kwa kidole gumba. Nikabonyeza. Tak, upande huu. Tak, upande huu.

Nikajaribu kuyasukuma kwa ulimi. Hayakwenda.

"Bismillahi," nikasema.

Sini ilitoka nyembamba na safi, kama aliyoniachia bibi. Daktari akaniuliza kama kuna mahali panauma. Nililia pale kitini, mtu mzima, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikuogopa kwamba kilio kitanidondoshea kitu.

Nisiwadanganye wanaosoma wakiwa na fizi tupu. Haya si meno ya kuzaliwa nayo. Chakula kinaingia chini yake, na kila usiku nayavua na kuzisugua zile skrubu kwa brashi kama ninavyosugua sufuria. Mipira ya ndani inachakaa, lazima urudi ibadilishwe. Skrubu yenyewe fizi ikioza kandokando inaweza kulegea, na wengine mfupa unaikataa tangu mwanzo. Hindi la kuchoma nalila, lakini napukuchua kwanza. Kaakaa langu bado limefunikwa, chai bado inanishtukiza kooni. Mtu mwenye taya nene kama la jirani yangu atakaa na seti yake ya kawaida kwa amani, wala asimruhusu mtu amtishe. Mimi nilihitaji meno ya chini yasimame mahali pamoja, na mahali pamoja yanasimama.

Baada ya Idi mwenyekiti alikuja kama alivyoahidi. Alikuja na kijana wake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, amebeba spika kwapani. Watoto walikuwa wamekaa mkekani na kitenge bado kimetundikwa. Nikawaambia wageni wakae. Mwenyekiti akakaa kwenye kiti. Kijana akabaki amesimama, anatafuta soketi ya umeme kwa macho.

Nikakamata kitenge nikakivuta, kikashuka na kamba yake.

"Tazameni," nikawaambia watoto.

Walinitazama. Ilikuwa miezi hawajaniona nikisoma, na walinitazama mdomo kwa njaa. Nikavuta pumzi. Nikaanza Bismillahi.

Msichana wa muuza chapati aliinua mkono. Hakusema neno, maana mwalimu hakatizwi akisoma. Aliweka vidole viwili chini ya kidevu chake mwenyewe, akanikazia macho.

Nikanyamaza. Nikajisikiliza mwili. Kidevu changu kilikuwa kimerudi ndani, mdomo wa chini umekaza, ulimi unakandamiza meno ambayo hayakuwa yanakwenda popote. Skrubu zilikuwa zimeshika. Aliyekuwa bado hajaamini ni mimi.

Mwenyekiti aliliona lile. Aliona vidole vya mtoto, akaniona na mimi. Nilijua kama kuna sekunde ya kuniondoa pale, ni hiyo. Sikumtazama usoni. Niliweka vidole vyangu viwili chini ya kidevu, mbele yake, mbele ya kijana na spika yake, mbele ya watoto wote, kama mwanafunzi yeyote. Nikakiinua. Nikaanza upya, na sini ikapita, na swadi ikapita, mpaka mwisho wa sura, na watoto wakanirudishia kwa sauti moja, safi, bila kimlio hata kimoja.

Kijana aliweka spika chini karibu na viatu. Kisha akavuka, akakaa mkekani nyuma ya watoto, akakunja miguu, akaanza kunitazama mdomo.

Mwenyekiti akakohoa. "Endelea, Hajati," akasema.

"Nilisimama lini?" nikamwuliza, nikamwita wa kwanza aje mbele.